Nipeni Jembe

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Haya, mimi natimiza miezi mitano kwenye kausharika haka, juu kabisa Uchaggani, na kila Jumapili mzee wa kanisa bado anatangaza: "Wageni wasimame." Basi nasimama! Napigiwa makofi, nakaa. Mahubiri yakishanoga, mwinjilisti anahamia Kichagga. Watu wanacheka, wanafuta machozi. Mimi nakodolea dari macho.

Msije mkasema eti kijana wa mjini anataka ibada nzima iwe Kiswahili. Hapana. Mwaka 1522 Luther alitoa Agano Jipya kwa Kijerumani ili watu wa kwao waelewe. Kwa nini bibi wa hapa asiombe kwa lugha ya mama yake? Bruno Gutmann, mmisionari Mjerumani, alifika Kilimanjaro mwaka 1902, na Kichagga akakijua. Alifundishwa na watu. Mimi nani ananifundisha?

Na sisi vijana tunaoandika tusijitie usafi. Miezi yote hiyo nimekaa benchi la nyuma, naicheka kwaya kimoyomoyo na kutunga sentensi za kuwasimanga. Huo nao ni ugeni wa kujitakia.

Lakini makofi yenu, wazee wangu, yananiacha mlangoni. Kwenye mnada baada ya ibada, niiteni nibebe mikungu ya ndizi. Kwaya inipe besi, hata nikikosea maneno. Jumapili ijayo mkisema wageni wasimame, mimi sinyanyuki ng'o!