Kaskazini ya Giza na Kaskazini ya Kisauni

Imekuwa ada kwa wanafunzi wengi, piramidi za Misri zinapotajwa, kudai kwamba kazi ile haikuwa ya binadamu. Hoja yao hutegemea piramidi ya Farao Khufu huko Giza, iliyojengwa takriban mwaka 2560 kabla ya Kristo. Mbavu zake zinaelekea pande kuu nne za dunia, na kosa lake halifiki sehemu ya kumi ya digrii moja. Wajenzi hawakuwa na dira ya sumaku. Hata nyota ya jaa, inayowaonyesha mabaharia kaskazini, haikuwa bado kwenye ncha ya mbingu zama hizo.

Hayo ni kweli, lakini mshangao wenyewe ni wa kivivu. Mwaka 2000 mtaalamu Kate Spence alipendekeza kuwa Wamisri walisubiri nyota mbili zisimame wima, moja juu ya nyingine, wakazipima kwa timazi. Wengine hushikilia kuwa kijiti na kivuli cha jua vilitosha. Mjadala haujafungwa, lakini kwa njia yoyote kati ya hizo, ilikuwa kazi ya macho na subira.

Kwani Mombasa swali hilo halipo? Makka iko kaskazini ya mji huu, na mkengeuko hauzidi digrii moja. Asaliye Likoni hukipa uso kivuko na kisiwa. Wa Kisauni huelekea Mtwapa, ambako ng'ambo ya hori yamesimama magofu ya Jumba la Mtwana, na msikiti wake wa kale kando ya bahari. Na nyota ya jaa haionekani Mombasa katu! Hubaki chini ya upeo wa macho hadi nahodha avuke ikweta. Upepo wa kaskazi, uliozaa neno kaskazini, nao haukutosha, kwa kuwa huvuma kutoka kaskazini-mashariki. Fundi wa msikiti alihitaji elimu nyingine zaidi ya upepo.

Elimu hiyo imo katika msamiati: jaa, matlai, umande, kibla. Ajabu ni kwamba mwanafunzi wa Kiswahili atokaye Changamwe aweza kuhitimu akiijua Giza kuliko maneno hayo. Tasnifu za ushairi zimejaa rafuni. Anayetafuta mada na apande feri, awaulize wavuvi wazee wa Likoni majina ya pepo na nyota, angali yupo wa kumjibu.