Kondoo aliyetoka kundini

Ndugu wanafunzi, wiki iliyopita mdogo wetu mmoja wa Latini-Filo aliandika kwa Kiingereza kama mwalimu wake ni mtu "egregious". Alitaka kumsifu. Darasa lote likacheka, na tangu ile siku hainue tena mkono. Mimi kapita nilikuwa mlangoni, na mimi pia nilicheka. Ni sababu hiyo naandika.

Neno hili linasomwa "igrijasi". Limetoka kwa Kilatini: "e" ni kusema inje ya, "grex" ni kundi la nyama. Kwa Waroma, "egregius" alikuwa mtu aliyetoka inje ya kundi, aliyepita wengine kwa uzuri. Kifransa pia kiko na watoto wa "grex": "grégaire", "congrégation", "ségrégation". Waitalia mpaka leo wanaandika "egregio" mwanzo wa barua kwa kumheshimu mtu.

Waingereza walilichukua katika karne ya 16, na hapo lilikuwa bado neno la sifa. Lakini likageuka, pengine sababu watu walilisema kwa kuchekelea. Leo kwa Kiingereza ni la ubaya: kosa, uongo ao uonevu uliopita kipimo, ambao kila mtu anauona. Ukisahau herufi "s" mwisho wa neno, hiyo si egregious, ni kosa dogo tu. Mwenye kukula feza ya maskini mchana kweupe, matendo yake ndiyo egregious.

Wengine watasema: angefungua kwanza dikisionere. Ni kweli. Mzizi peke yake hautoshi, sababu neno linafuata watu wanaolisema leo. Lakini mtoto yule alijua mzizi kuliko sisi wote tuliocheka. Alichelewa miaka 400, hakukosa akili.

Tena neno hili linatuhusu sisi makapita. Tulitoshwa katika kundi. Aliyetoshwa anaweza kupita wengine kwa wema ao kwa ubaya. Neno lenyewe lilipita njia zote mbili. Kosa la mdogo wetu lilikuwa la neno moja, na mwalimu alilisahihisha kwa bic nyekundu. Letu la kumfunga kinywa, nani atalisahihisha? Hilo ndilo egregious.

Siku ya kwanza nitamuomba samahani mbele ya darasa lake. Nanyi, mkisikia mwenzenu anajaribu neno gumu, mumwache amalize kwanza.

Kapita wenu, darasa la sita