Ushujaa wa Baharini na Deni la Nyumbani

Katikati ya jiji la London, mahali panapoitwa Trafalgar Square, umesimama mnara wa mawe wenye urefu wa karibu mita 52, na juu yake sanamu ya mtu mwenye mkono mmoja. Mtu huyo ni Horatio Nelson, admirali wa Uingereza aliyeuawa vitani tarehe 21 Oktoba, 1805. Leo tunapenda kumzungumza mtu huyu mbele ya ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi. Hatufanyi hivyo kwa nia ya kuwasifia watu wa Ulaya shujaa wao, maana sifa hizo wamekwisha kumpa wenyewe kwa mawe na shaba. Tunafanya hivyo kwa sababu maisha yake yana fundisho ambalo mnara ule hauonyeshi.

Fundisho lenyewe ni hili. Nelson alipoanguka, vita alivyoviongoza viliendelea bila yeye hadi ushindi, kwa kuwa kila kitu kilikuwa kimepangwa na kuelezwa mapema. Lakini nyumbani kwake mambo yaliporomoka mara tu alipofumba macho, kwa kuwa huko aliacha ahadi mahali palipohitaji mpango.

Nelson hakuzaliwa mkubwa. Baba yake alikuwa kasisi wa kijiji cha Burnham Thorpe, mwenye watoto kumi na mmoja, na mama yake alifariki Horatio akiwa na umri wa miaka 9. Mwaka 1771, akiwa na miaka 12 tu, aliingia katika manowari iliyoongozwa na mjomba wake. Alipofika miaka 20 alikuwa amekwisha kupata cheo cha kapteni. Baadaye alikaa nchi kavu kwa muda wa miaka mitano, kuanzia 1788 hadi mwanzoni mwa 1793, akipokea nusu mshahara na kuomba kazi bila kupewa. Vita na Ufaransa vilipozuka ndipo alipokumbukwa. Mwaka 1794, huko Corsica, aliumia jicho la kuume na kupoteza nuru yake. Mwaka 1797, katika shambulio la Tenerife lililoshindwa, alipoteza mkono wa kuume. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Agosti, alilikuta kundi la manowari za Ufaransa limetia nanga karibu na mdomo wa mto Nile, akalivamia jua likiwa linakuchwa. Katika manowari kubwa 13 za adui, ziliponyoka 2 tu.

Wengi husimulia ujasiri wake, na ni kweli kwamba alikuwa jasiri. Lakini sisi tunaona kwamba nguvu yake kubwa haikuwa kifuani, bali mezani. Alikuwa na desturi ya kuwaita makapteni wake, akala nao, akawaeleza nia yake hata kila mmoja akaijua kama ajuavyo jina lake. Katika miaka miwili aliyoilinda bahari karibu na Toulon, kuanzia 1803, alihangaika kuwatafutia mabaharia wake vitunguu, malimau na nyama mbichi, akijua kwamba baharia mgonjwa hapigani. Kabla ya mapigano ya Trafalgar aliandika maelezo ya mpango wake, na ndani yake akawapa makapteni ruhusa moja kubwa: ikiwa moshi utawazuia kuona bendera za ishara, kila mmoja aisogeze meli yake ubavuni mwa meli ya adui, naye hatahesabiwa kuwa amekosea.

Siku ilipofika, manowari 27 za Uingereza zilikabili manowari 33 za Ufaransa na Hispania. Saa saba na robo mchana hivi, Nelson alipigwa risasi akiwa juu ya sitaha ya meli yake, Victory. Akachukuliwa chini, akafa yapata saa kumi na nusu. Je, vita vilisimama? La. Kila kapteni aliijua kazi yake, na Admirali Collingwood akashika uongozi. Jioni ilipoingia adui alikuwa amepoteza manowari 18, na Waingereza hawakupoteza hata moja. Waingereza waliokufa siku hiyo walikuwa wapata 450, na miongoni mwa mabaharia wa kundi lile walikuwamo watu waliozaliwa katika bara letu la Afrika. Hata leo, katika michoro ya shaba iliyo chini ya mnara wa London, anaonekana baharia mweusi miongoni mwa waliokuwapo Nelson alipoanguka. Jina lake halikuandikwa.

Sasa tugeuke tutazame nyumbani.

Mwaka 1787, katika kisiwa cha Nevis, Nelson alimwoa Frances Nisbet, mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume aitwaye Josiah. Kisiwa kile kiliishi kwa sukari, na sukari ile ililimwa na watumwa wa Kiafrika. Mjomba wa bibi arusi alikuwa mmoja wa mabwana wakubwa wa mashamba. Nelson alifanya urafiki na mabwana hao, na mwaka wa kifo chake aliandika barua ya kuwapinga waliotaka kukomesha biashara ya utumwa. Tunalitaja jambo hili ili msomaji ajue kwamba tunamtazama binadamu, hatumtazami malaika.

Frances alimtunza mumewe katika miaka ya nusu mshahara. Alimtunza pia baba mkwe wake mzee wakati Nelson yuko baharini. Nelson aliporudi bila mkono, ni yeye aliyemfunga kidonda hadi kikapona. Na usiku ule wa Tenerife, aliyemfunga mkono damu isimwishe alikuwa Josiah, mtoto wa mwanamke huyo huyo.

Baada ya ushindi wa Nile, Nelson alikwenda Naples, na huko akaishi karibu sana na balozi wa Uingereza, Sir William Hamilton, na mkewe Emma. Mapenzi yake na Emma yakawa habari ya Ulaya nzima. Wapo wasemao kwamba hayo ni mambo ya faragha yasiyohusu utumishi wa askari. Hoja hiyo tungeikubali kama mambo hayo yangebaki chumbani. Lakini mwaka 1799 mkubwa wake, Lord Keith, alimwamuru apeleke manowari kukilinda kisiwa cha Minorca. Nelson akakataa, akabaki kuulinda utawala wa mfalme wa Naples, na wakuu wa jeshi la majini huko London wakamwandikia kumkaripia. Mwezi Juni mwaka huo huo, Admirali Caracciolo wa Naples, aliyekuwa amejiunga na waasi, alishtakiwa ndani ya meli ya Nelson na kunyongwa siku hiyo hiyo. Aliomba muda, akaomba pia apigwe risasi kama ofisa, na yote mawili Nelson akayakataa. Hatusemi kwamba mwanamke ndiye aliyeamua mambo hayo. Wa kulaumiwa ni mwenye cheo. Tunasema kwamba ofisa aliyejifunga na watu wa jumba moja huanza kuitazama dunia kupitia dirisha la jumba hilo, na hapo hata sheria huanza kupinda mikononi mwake. Askari polisi anayesoma maneno haya anajua tunazungumzia jambo gani.

Mwaka 1801 Nelson aliachana na Frances, ingawa talaka haikuwapo. Kwa haki tuseme kwamba alimtengea posho nzuri. Lakini Frances hakutaka posho, alimtaka mumewe. Mwishoni mwa mwaka ule alimwandikia barua ya kumsihi arudi waishi pamoja, na barua ile ikarudishwa ikiwa na maneno kwamba ilifunguliwa kwa makosa na haikusomwa. Mtu aliyetembea kati ya mizinga bila kuinama hakuweza kumjibu mkewe kwa mkono wake mwenyewe.

Mwanzoni mwa mwaka huo huo Emma alikuwa amemzaa binti, Horatia. Nelson alimpenda mtoto huyo kupita kiasi. Hata hivyo hakuthubutu kumtangaza. Mtoto alibatizwa kwa jina la ukoo wa Thompson, na katika karatasi rasmi baba yake alimwita mtoto wa kulea.

Asubuhi ya tarehe 21 Oktoba, 1805, manowari za adui zikiwa zinaonekana, Nelson aliketi akaandika nyongeza ya wasia wake, na makapteni wawili wakaweka sahihi kama mashahidi. Alieleza huduma ambazo, kwa maelezo yake, Emma aliitendea Uingereza akiwa Naples, akamwacha mikononi mwa mfalme na taifa wamtunze. Horatia naye akamwachia taifa, akitaka tangu siku hiyo atumie jina la Nelson peke yake. Hizo ndizo fadhila alizoziomba wakati anakwenda kupigana.

Taifa lilifanya nini? Lilimzika kwa fahari kuu katika kanisa la St Paul's tarehe 9 Januari, 1806. Kaka yake William, kasisi ambaye hakuwahi kupigana vita, alipewa cheo cha ukabaila na pensheni ya pauni 5,000 kwa mwaka, pensheni iliyoendelea kulipwa kwa warithi wa cheo hicho hadi sheria ya mwaka 1947 ilipoikomesha. Frances, mke wa halali, alipewa pauni 2,000 kwa mwaka. Emma, aliyeombewa na marehemu mwenyewe, serikali haikumpa kitu. Ni kweli kwamba Nelson alikuwa amemwachia nyumba ya Merton na posho, na ni kweli pia kwamba Emma hakujua kubana matumizi. Mwaka 1813 alikamatwa kwa madeni. Mwaka uliofuata alikimbilia Calais, upande wa Ufaransa, na huko akafa katika dhiki mwezi Januari 1815, Horatia akiwa kando yake, hajatimiza miaka 14. Binti huyo alilelewa na jamaa za Nelson, akaolewa na kasisi, akaishi hadi mwaka 1881. Alijivunia baba yake maisha yake yote, lakini hakukubali kamwe kwamba Emma ndiye mama yake.

Tunaweza kuilaumu serikali ile, na kwa sehemu tunailaumu. Taifa linaloweza kumjengea marehemu mnara haliwezi kudai kwamba limekosa fedha za kumlisha mtoto wake. Lakini lazima tuseme ukweli wote. Ofisi za serikali hulipa kwa hati, hazilipi kwa mapenzi. Nelson aliwapa makapteni wake maelezo kamili majuma kadhaa kabla ya vita. Nyumba yake aliipa karatasi moja, saa chache kabla ya kufa, akiwaomba watu wengine wayamalize mambo ambayo yeye mwenyewe hakuyamaliza kwa miaka mitano. Wahenga walisema ahadi ni deni. Deni lile alilolitia yeye lililipwa na mwanamke gerezani na mtoto ugenini.

Wapo watakaosema kwamba kazi ya silaha humweka mtu mbali na nyumba yake, na kwamba aliye mbali hana budi kuteleza. Jibu letu ni Collingwood, yule yule aliyeshika uongozi pale Trafalgar. Aliondoka kwao mwaka 1803, na hakurudi tena, kwani alifia baharini mwaka 1810 akiwa bado kazini. Katika miaka hiyo yote alimwandikia mkewe na binti zake wawili, akiuliza mabinti wanasoma nini na kushauri walelewe namna gani. Bahari yao ilikuwa moja na adui wao mmoja. Umbali basi haukuwa na kosa.

Ndugu zetu askari, mambo haya hayakuanzia kwa Nelson wala hayakuishia kwake. Mtu anahamishwa kikosi, anapelekwa mpakani, anakaa kituo kipya miaka mitatu au minne, na huko anaanza maisha ambayo nyumbani hayajulikani. Siku ya msiba ndipo watoto wanapokutana kwa mara ya kwanza, wakiwa kaburini, na mjane anasimama mbele ya karani wa mafao akiambiwa kwamba jina lake halimo katika jalada. Marehemu alikuwa hodari, wenzake wote wanashuhudia. Lakini ushuhuda wa wenzake hauwezi kumlipia mtoto karo.

Kwa hiyo tunatoa ushauri ambao hauhitaji cheo wala fedha. Kila askari na aende kwa karani wa kikosi chake akalitazame jalada lake akiwa mzima. Jina la mke na liandikwe kama lilivyo katika cheti cha ndoa. Watoto wote waandikwe, hata yule ambaye baba yake anaona haya kumtaja, maana mtoto hakuchagua mlango wa kuingilia duniani. Anayeishi na mambo mawili na ayaamue sasa, mbele ya wazee na mbele ya sheria, asiiachie bendera itakayofunika jeneza lake.

Na kwa maofisa wanaoshika majalada hayo tunasema: anayekuja mlangoni akiwa amevaa nguo za msiba hakuja kuomba msaada. Amekuja kuchukua ujira wa mtu aliyekwisha kuufanyia kazi. Mafao yake yalipwe kwa wakati, naye aelezwe haki zake kwa lugha anayoielewa. Mtoto wa askari akila na kusoma, baba yake atakuwa ameheshimiwa vya kutosha, hata asipojengewa mnara.