Fundi alipanda mara mbili

Leo tutoke kidogo katika machimbo yetu, twende Uingereza, baharini mbele ya muji wa Portsmouth. Ni asubuhi ya tarehe 29 Agosti 1782. Hapo imetia nanga Royal George, merikebu kubwa ya vita yenye mizinga 100. Ilishushwa majini mwaka 1756, na katika vita ya Quiberon, 1759, amirali Hawke alikuwa ndani yake aliposhinda Wafaransa.

Ile siku ilijaa watu. Pamoja na mabaharia kulikuwa wanawake karibu 300 na watoto wapata 60. Utauliza: katika merikebu ya vita bibi na watoto wanatafuta nini? Wakubwa waliogopa kuacha mabaharia washuke inchi kavu, juu wangekimbia kazi. Basi jamaa njo ziliwafuata mule, maana safari ya Gibraltar ilikuwa karibu.

Kulikuwa kazi ndogo ya kutengeneza bomba chini ya usawa wa maji. Ili kuinua ule upande, walisukuma mizinga upande wa pili, na merikebu ikainama. Lakini upande ulioinama madirisha ya mizinga yalikuwa wazi, na mapipa ya pombe kali yalikuwa yanapakiwa pale pale. Uzito juu ya uzito! Maji yakaanza kuingia.

Fundi wa mbao aliona. Baharia mmoja aliyepona, James Ingram, alisimulia baadaye kwamba fundi alipanda kwa ofisa wa zamu kuomba merikebu isimamishwe. Akajibiwa vibaya. Akapanda tena. Akaambiwa kama anajua kuiongoza kuliko mukubwa, heri aichukue yeye. Wewe baba unayeshuka chini ya udongo, majibu ya namna hiyo unayajua.

Amri ilipotoka, ilikuwa imechelewa. Merikebu ilizama kwa dakika chache tu. Watu zaidi ya 800 walikufa, hata amirali Kempenfelt aliyekuwa katika chumba chake. Kuhusu watoto, mmoja tu njo aliokolewa. Inasimuliwa kwamba alishika manyoya ya kondoo aliyekuwa anaogelea.

Tribinali ya jeshi ilisema mbao za merikebu zilikuwa zimeoza, sehemu ya chini ikavunjika. Inawezekana, ilikuwa ya zamani. Lakini je, mbao iliyooza njo ilimurudisha fundi mara mbili? Kapiteni Waghorn, aliyeokolewa majini, aliachiliwa pamoja na maofisa wake. Hakuna aliyepewa azabu.