Saa ya mkono ni shahidi wa kibarua

Yapo maneno yanayosikika mara kwa mara siku hizi, hasa miongoni mwa vijana, kwamba saa ya mkono imekwisha kazi yake. Anayeivaa, wanasema, ama ni mzee aliyeachwa nyuma na dunia ama ni tajiri anayetaka watu wajue kwamba ana fedha. Simu iko mfukoni, nayo inaonyesha saa, dakika na tarehe. Mkazi wa kawaida wa Kibera au Kawangware ana haja gani basi ya kugharimia chombo kingine cha kumweleza jambo ambalo tayari amekwisha kulijua?

Hoja hiyo ina nguvu, na sitaidharau. Simu ya mkononi ilianza kuenea nchini kuanzia mwaka wa 2000, na tangu huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa mwezi wa Machi 2007 imekuwa mkoba, sanduku la akiba na mlango wa kutafutia kazi. Mtu mwenye fedha za kununua kimoja tu atanunua simu, na atakuwa amefanya la busara. Hata wezi wamelitambua jambo hili. Katika miaka ya 1990, abiria aliyeegemeza mkono wake kwenye dirisha la matatu katikati ya jiji la Nairobi alikuwa katika hatari ya kunyofolewa saa kabla hajageuza shingo. Leo mwizi hana habari na mkono. Macho yake yako kwenye simu. Kama thamani ya kitu ingepimwa kwa jicho la mwizi peke yake, mjadala huu ungekuwa umefungwa zamani.

Hata hivyo, naamini kwamba wanaosema hivyo wamejibu swali ambalo si lenyewe. Hapana anayebisha kwamba simu inaweza kutuambia ni saa ngapi. Swali ni kama inaweza kutuambia mahali ambapo kujua saa kuna faida na kutoijua kuna hasara. Kwa maelfu ya watu wanaotoka Kibera na Kawangware kila alfajiri, mahali hapo ni kazini.

Wakati si kitu kigeni katika mitaa hii. Makina, ambako wazee wa Kinubi waliotumikia jeshi la mkoloni walifanya makazi, watu waliigawa siku yao kwa adhana mara tano. Reli iliyofika Nairobi mwaka wa 1899 na Kisumu mwaka wa 1901 ilileta ratiba ya magari ya moshi, na walioishi kando ya reli walizoea kujua wakati kwa mngurumo wake. Baadaye ikaja redio, na mtangazaji akatutajia saa kamili kwa saa za Afrika Mashariki kabla ya taarifa ya habari. Alama hizo zote zilikuwa za hadhara. Mwadhini hakuweza kumwitia huyu mapema na yule baadaye, wala redio haikuwa na saa moja ya tajiri na saa nyingine ya maskini. Taabu ilianza mtu alipoingia langoni mwa kazi na kukuta saa iliyofungiwa chumbani mwa mwenzake.

Nalisema hili kwa kuwa niliishi nalo. Mwaka wa 1994 nilikuwa kibarua katika kiwanda kimoja cha Eneo la Viwandani. Nilikuwa nikikaa Gatwekera, na kila alfajiri tulitoka makundi kwa makundi tukifuata reli kwa miguu, mwendo wa zaidi ya saa nzima, ili kuokoa nauli. Kiwandani palikuwa na saa moja tu, nayo ilitundikwa ndani ya chumba cha nyapara. Saa hiyo ilipogonga moja ya asubuhi lango lilifungwa, na aliyechelewa alirudi nyumbani mikono mitupu. Jioni tulifunguliwa kwa saa hiyo hiyo.

Miongoni mwetu alikuwamo mzee mmoja wa Kawangware aliyevaa saa ya mishale ambayo ukanda wake ulikuwa umeshonwa kwa uzi. Kila usiku aliirekebisha kwa redio taarifa ya habari ilipoanza. Siku moja alitunong'oneza kwamba saa ya nyapara hukimbia asubuhi na kujikokota jioni, robo saa kila upande. Tulimcheka. Kisha mwenzetu mmoja akafungiwa nje kwa kuchelewa, akaketi kwenye kibanda cha chai mkabala na lango ili apoze hasira. Chai ilipomiminwa, redio ya kibandani ikatangaza kwamba ndiyo kwanza saa moja inatimia.

Habari hiyo ilizunguka kiwandani, na haikuchukua wiki mbili kabla ya amri kutolewa kwamba saa zote za mkono ziachwe kwa bawabu, eti kwa usalama wetu. Asubuhi iliyofuata, vibarua walipokuwa wakichaguliwa langoni, yule mzee hakuitwa. Hakuitwa kesho yake wala kesho kutwa. Sisi wengine tuliingia, nami nilikuwa mmoja wao. Nilinyamaza kwa sababu niliihitaji kazi, na ukimya ule unanisuta hata leo.

Msomaji atasema kwamba robo saa ni kitu kidogo. Na tupige hesabu basi. Robo saa asubuhi na robo saa jioni ni nusu saa kwa siku. Kwa siku 6 za kazi ni saa 3 kwa wiki, na kwa wiki 50 ni saa 150 kwa mwaka. Agizo la serikali la kudhibiti mishahara linaweka saa 52, zilizogawanywa katika siku 6, kuwa wiki ya kawaida kwa wafanyakazi wengi. Kwa hiyo aliyepunjwa nusu saa kila siku amefanya kazi bure karibu wiki tatu kwa mwaka, wala hakuna mlango uliovunjwa wala mfuko uliochanwa.

Wala ujanja huu haukuzaliwa Nairobi. Mwanahistoria Mwingereza E. P. Thompson, katika makala mashuhuri aliyoyachapisha mwaka wa 1967 kuhusu wakati na nidhamu ya kazi, alionyesha jinsi saa za viwandani huko Uingereza, katika karne ya 19, zilivyosogezwa mbele asubuhi na kurudishwa nyuma jioni. Wafanyakazi waliogopa kubeba saa, kwa kuwa aliyejulikana kuwa na elimu ya wakati aliweza kufukuzwa. Nilipokuja kuyasoma makala hayo, miaka mingi baada ya 1994, nilimkumbuka yule mzee wa Kawangware. Yaliyowapata watu wa kule alikuwa ameyaona kwa macho yake, bila ya kusoma kitabu chochote.

Sasa turudi kwenye simu. Mahali pengi pa kazi siku hizi simu huachwa langoni au hufungiwa kabatini. Siwalaumu waajiri kwa hilo moja kwa moja, kwa kuwa mtu anayeongea kwenye simu mbele ya mashine anaweza kupoteza kidole au hata roho. Lakini kibarua ambaye saa yake iko ndani ya simu, akiiacha simu langoni, ameuacha na wakati wake huko huko. Anaingia ndani akiwa kipofu wa saa, kama tulivyokuwa sisi mwaka wa 1994.

Mtazame pia mlinzi wa usiku, na walinzi wengi wa jiji hili hukaa katika mitaa hii miwili. Anatakiwa kuandika katika daftari lake saa ambayo kila gari liliingia na saa ambayo kila mgeni alitoka. Akiwasha simu gizani, mwanga wake humwonyesha mhalifu alipo. Akiitumia usiku kucha, kufikia alfajiri haina chaji, na mlinzi wa zamu ya mchana akichelewa kufika, hana cha kuonyesha kwamba alisimama saa moja zaidi ya zamu yake. Simu ile ndogo ya tochi, ambayo ndiyo wengi wanayoimudu, mara nyingi ikitolewa betri hurudi ikimwuliza mwenyewe ni saa ngapi. Je, shahidi anayemwuliza mshtakiwa habari za kesi anaweza kutegemewa?

Hali ni hiyo hiyo kwa akina mama fua wanaotembea kutoka Kawangware hadi Lavington na Kileleshwa, wakakaa kando ya barabara wakingoja kuitwa. Mapatano huwa ni kufua hadi saa nane. Kisha huongezwa mapazia, huongezwa viatu vya watoto, hufuatia kupiga pasi, na simu imo mkobani, mikono imo ndani ya povu. Saa ya bei nafuu isiyoingia maji ingemwezesha mama huyo kusema kwa heshima, bila ugomvi, kwamba saa nane imefika na kinachofuata kina malipo yake.

Lipo jambo jingine ambalo sisi wasemaji wa Kiswahili tungepaswa kuwa wa kwanza kuliona. Saa yetu huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, na katika saa ya mishale hesabu hiyo husomeka kwa jicho. Mshale mfupi ukiwa kwenye 7, nambari inayoukabili moja kwa moja upande wa pili ni 1, nasi twasema saa moja. Ukiwa kwenye 3, unaokabiliwa ni 9, nayo ni saa tisa. Simu inayoandika 19:00 humlazimisha mtoto kutoa sita, kisha kutoa tena kumi na mbili, ndipo afike kwenye saa moja ya usiku. Zaidi ya hayo, mtoto huyo huyo ataingia siku moja katika chumba cha mtihani wa taifa, ambamo simu haziruhusiwi kabisa. Atatakiwa kuzigawa saa mbili baina ya maswali yake kwa kutazama saa ya ukutani. Ni huzuni iliyoje akiwa hajawahi kufundishwa kuisoma!

Nisieleweke vibaya. Siwatetei waheshimiwa wanaovaa saa zenye thamani ya nyumba huku wakifika mikutanoni wakiwa wamechelewa saa tatu, na umati ukiwangoja juani. Kwao saa ni kito tu. Nazungumzia saa ya kawaida inayouzwa katika soko la Toi au kando ya barabara ya Kawangware, ambayo betri yake hukaa muda mrefu bila ya kuhitaji umeme wa mtu, na ambayo fundi mwenye kisanduku cha kioo huitengeneza mteja akiwa amesimama. Najua pia kwamba zipo kazi, kama zile za kutayarisha vyakula, ambazo saa ya mkono hukatazwa kwa ajili ya usafi. Kwa kazi hizo dawa ni nyingine, nami nitaitaja.

Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri kudhibiti saa za kazi na kumpa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Chini ya agizo nililolitaja, saa za ziada za siku ya kawaida hulipwa mara moja na nusu, na za siku ya mapumziko au sikukuu hulipwa mara mbili. Hizi ni haki nzuri, lakini haki inayohesabiwa kwa saa humfaa mwenye kujua saa. Mfanyakazi anayefika katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi akidai malipo ya saa za ziada huulizwa ni siku zipi na ni saa ngapi. Akijibu kwamba zilikuwa nyingi, dai lake huyumba. Akileta daftari lenye tarehe, saa ya kuingia na saa ya kutoka, ana mahali pa kusimamia.

Kwa hiyo nawashauri wafanyakazi wa Kibera, Kawangware na kwingineko wafanye mambo mawili yasiyohitaji ruhusa ya mtu: wavae saa, na kila jioni waandike saa walizofanya kazi katika daftari dogo. Vyama vya wafanyakazi navyo vidai kwamba kila mahali ambapo simu au saa za mkono zinakatazwa, patundikwe saa ya ukutani inayoonekana na kila mtu, nyapara na kibarua, nayo irekebishwe hadharani. Mwajiri mwaminifu hatapoteza chochote kwa hilo. Anayelipinga na atueleze anaogopa nini.

Lugha yetu ina neno moja, saa, kwa chombo na kwa muda ambao chombo hicho hupima, kana kwamba waliotutangulia walijua kwamba anayemiliki kimoja hushika na kingine. Kibarua hana shamba wala duka. Anachouza ni saa zake. Mchuuzi wa nyanya hakubali mnunuzi aje na mizani yake mwenyewe iliyofunikwa kwa kitambaa. Muuza saa naye asikubali.