Faili yangu ya hospitali si ya HR

Wasee, wiki jana niliitwa intavyu Athi River. Kazi ya stoo, kuhesabu mizigo. Nikatoka Machakos mjini saa kumi na moja asubuhi, shati limepigwa pasi, vyeti vyote kwa bahasha.

Kufika, tukapewa fomu ya tathmini ya kisaikolojia. Swali la nne: umewahi kutibiwa ugonjwa wa akili? Kama ndio, leta nakala ya rekodi za hospitali. Na fomu zikijazwa zinarundikwa tu hapo kwa meza ya mapokezi. Nilisoma ya jamaa aliyenitangulia bila hata kutaka. Sasa najua dawa anazomeza, na jina lake.

Babangu alipofariki, nilienda kwa mshauri miezi mitatu. Ilinisaidia sana. Nikaangalia hilo swali, nikaandika hapana.

Sijivunii huo uongo. Lakini mwenye stoo anataka kujua nililia nini kwa mshauri, ama kama naweza kuhesabu magunia?

Sipingi kupimwa. Anayepewa bunduki apimwe, tena vizuri. Ila mwajiri apate jibu moja: anafaa, hafai, ama anafaa akisaidiwa hivi. Mengine yabaki kwa daktari. Na si mimi nimeota hayo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti, na kifungu cha 46 kinataka zishikwe na mhudumu wa afya ama mtu aliye na wajibu wa kutunza siri. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza kubagua mtu kwa hali yake ya akili, hata kama bado anatafuta kazi.

Eti ulitia sahihi, ulikubali. Kukubali gani na foleni yote hiyo iko nyuma yako?

Ukiletewa fomu kama hiyo, uliza nani ataisoma na itawekwa wapi. Wakikuzungusha, Ofisi ya Kamishna wa Data hupokea malalamiko. Mimi sikuuliza, niliogopa.

Kuna beshte yangu halali usiku. Nilikuwa karibu kumshawishi aende kliniki. Nilipompa hii stori ya fomu, akasema atangoja kwanza aandikwe kazi. Na kazi, mnajua vile ziko.