Maji ya Kuku Yalindwe Kama Maji ya Askari

Wanajeshi na polisi wengi nchini Uganda, pamoja na wake na waume zao, hufuga kuku ili kuongeza kitoweo na kipato cha nyumbani. Juhudi hizo tunazipongeza. Hata hivyo, mara nyingi tumeona mfugaji akikagua chakula kwa makini na kufunga banda kwa kufuli, ilhali maji huyateka popote na kuyamimina katika chombo kisichosuguliwa tangu juma lililopita. Huko ni kuweka mlinzi kwenye lango moja katika kambi yenye malango mawili. Matokeo yake ni machungu: vifaranga walionunuliwa kwa mkopo wa mshahara hufa, na deni hubaki.

Somo hili si geni kwa askari. Katika vita vya Afrika Kusini vya mwaka 1899 hadi 1902, jeshi la Uingereza lilipoteza watu wengi zaidi kwa maradhi kuliko kwa silaha za adui, na homa ya matumbo, iletwayo na maji na chakula kichafu, ilikuwa miongoni mwa wauaji wakuu. Yampatayo askari humpata na kuku. Homa ya matumbo ya kuku, kipindupindu cha kuku na bakteria hatari wa kinyesi, wote huweza kuenea kwa njia ya maji. Kuku mmoja mgonjwa akitumbukiza mdomo, au kinyesi kikidondoka chomboni, kundi zima limekwisha kuingia hatarini. Tena kuku hunywa maji yenye uzito wa karibu mara mbili ya chakula anachokula, na wakati wa joto huzidi hapo.

Basi tufanye nini? La kwanza ni usafi. Ute utelezao ndani ya chombo ni ngome ya bakteria, nao hauondoki kwa kusuuza tu. Usuguliwe kila siku kwa brashi na sabuni, kisha chombo kisuuzwe vema. Majerikeni na mapipa yasisahauliwe. Chombo kiinuliwe hadi usawa wa mgongo wa kuku ili maranda na kinyesi visiingie, na kiwekwe kivulini.

La pili ni klorini. Maji yenye tope yaachwe yatuame, kisha yachujwe, kwa maana uchafu huimaliza klorini kabla haijaua bakteria. Kwa dawa ya kung'arishia nguo isiyo na manukato wala sabuni, yenye klorini ya asilimia 3.5, mililita 2 zinatosha jerikeni la lita 20. Zipimwe kwa sirinji, si kwa kukisia. Maji yangoje nusu saa kabla ya kupewa kuku, na kila asubuhi yatengenezwe mapya.

La tatu ni tahadhari wakati wa chanjo. Klorini haitambui rafiki wala adui. Chanjo hai ya kideri ikitiwa katika maji hayo huharibika, na mfugaji hubaki akidhani kuku wake wamekingwa. Klorini isitishwe saa 48 kabla ya chanjo, na vyombo visuuzwe kwa maji safi yasiyo na dawa wala sabuni.

Wako wanaomimina dawa za kuua bakteria katika maji ya kuku kila siku, eti kwa kinga. Tunasema bila kuficha: hilo ni kosa. Bakteria huzizoea dawa hizo, na mabaki yake huingia katika mayai wanayokula watoto wetu. Ziamriwe na daktari wa mifugo peke yake. Klorini nayo si tiba ya kuku mgonjwa, wala haiui vimelea wa kuhara damu. Kuku wakianza kufa, daktari aarifiwe siku hiyo hiyo.

Tunawashauri wakuu wa vikosi na vituo, na kila mwenye banda nyumbani, wamteue mtu mmoja wa zamu ya maji, atakayeulizwa kila asubuhi: je, maji haya wewe mwenyewe ungethubutu kuyanywa? Akisita, yamwagwe, chombo kisuguliwe, na kazi ianze upya.